Dhahabu ya Mjomba na Mfalme wa Farasi

Msomaji mpendwa, nina hakika hata kwenu kipo. Kama si kisanduku, basi ni bahasha ya kaki iliyofichwa chini ya godoro, au kopo la majani chai lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake mna kitu ambacho wazee hukitaja kwa sauti ya chini wakisema siku ya shida ndicho kitakachotutoa. Kwa wengine ni barua ya shamba ambalo hakuna ajuaye mipaka yake. Kwa wengine ni hisa za kampuni iliyokufa zamani. Kwetu sisi kilikuwa kisanduku chekundu, kidogo kuliko kiganja cha mkono, na mwenyewe ni mjomba wangu wa Malindi.

Mjomba alikuwa mpishi. Wewe uliyewahi kuzuru Malindi wajua kwamba mji ule una Waitaliano wengi kiasi kwamba hata mwuza madafu anaweza kukutajia bei kwa Kitaliano. Walianza kuuzoea mji huo miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngomeni, na baadaye wakaja wenye hoteli, wenye mikahawa, na wazee wastaafu waliotaka tu jua na bahari. Mjomba aliajiriwa na mume na mke wa namna hiyo mwaka 1984. Alipika kwao kwa miaka 17. Alijifunza kukanda tambi kwa mkono, akajua mchuzi gani huendana na samaki na upi huharibu samaki, na akajua Kitaliano cha jikoni: chumvi, moto, haraka, funga mlango.

Bibi mwenye nyumba alikuwa na kijibwa cheupe chenye manyoya, na kila asubuhi alikiita "Tesoro! Tesoro!" Mjomba kwa miaka mingi aliamini hilo ndilo jina la mbwa. Siku moja bibi alimwita mumewe vivyo hivyo, na ndipo mjomba alipouliza, akaelezwa kuwa neno hilo maana yake ni hazina, na kwamba Waitaliano humwita hivyo yeyote wampendaye. Nakuomba ulikumbuke neno hilo, maana ndilo lililotuponza.

Mwaka 2001 wazee wale waliuza nyumba wakarudi kwao. Siku ya kuagana, mjomba alitarajia kiinua mgongo. Miaka 17 si mchezo. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake, akaona kiwanja kidogo huko barabara ya kwenda Gede, na pengine cherehani ya mkewe. Badala ya bahasha, bwana yule alimkabidhi kisanduku chekundu chenye bitana ya mahameli. Ndani, katika kishimo cha duara, mlikuwa na sarafu ya dhahabu. Upande mmoja kulikuwa na mtu aliyepanda farasi, mkono wake wa kulia ameunyosha mbele kana kwamba anawatuliza watu. Upande wa pili kulikuwa na mbwamwitu jike akiwanyonyesha watoto wawili. Chini yake palikuwa na cheti kilichoandikwa kwa Kitaliano, na katika cheti kile mjomba alilitambua neno moja tu: tesori. Hazina! Na jingine alilotambua lilikuwa Roma.

Bwana yule alimshika mkono, macho yamemjaa machozi, akamwambia, "Hii ni kubwa kuliko pesa." Mjomba hakudai kitu kingine.

Nilikuwa na miaka 13 nilipokiona kisanduku kile mara ya kwanza, likizo ya Agosti. Mjomba alinawa mikono kabla ya kukifungua. Alituambia watoto kwamba kilichomo humo kilichimbuliwa kutoka ardhini huko Roma, kwamba mtu yule juu ya farasi alikuwa mfalme aliyetawala nusu ya dunia, na kwamba kitu kama kile kikiuzwa kwa watu wanaojua, bei yake haitajwi hadharani. Tulitazama bila kugusa. Mkewe mjomba, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, hakusema neno. Sasa nikiwa mtu mzima naelewa kwamba alikuwa na maoni yake.

Miaka ikapita. Kila shida ilipotokea kisanduku kilitajwa, kisha kikaachwa. Paa lilipovuja, mjomba alisema si shida ya kiwango kile. Alipofanyiwa upasuaji wa jicho, tulichanga. Nyinyi mnaotoka katika familia za namna hiyo mnaelewa: hazina ya siku ya shida huzifanya shida zote zionekane ndogo.

Mwaka 2019 binti yake wa mwisho, binamu yangu, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Karo na mahitaji ya kuanzia yalifika Sh45,000. Kikao kikaitishwa. Mjomba akasafiri kwa basi usiku kucha kuja Nairobi, kisanduku amekifunga kiunoni ndani ya kikoi, akafika kwangu alfajiri macho mekundu. "Mpwa," akaniambia, "wewe ndiwe msomi wetu. Wewe waandika magazetini. Nitafutie mtu anayejua."

Nilimpeleka kwa sonara mmoja mkongwe katikati ya jiji. Kama hujawahi kuona dhahabu ikipimwa, ni jambo la kutazama. Sonara aliisugua sarafu taratibu juu ya jiwe jeusi mpaka ikaacha mstari mwembamba wa manjano, akadondosha tone la asidi juu ya mstari ule, akasubiri. Mstari wa shaba hutoweka. Wa dhahabu hubaki. Ulibaki. Kisha akachukua kioo cha kukuza akatazama ukingoni, akatuonyesha tarakimu ndogo sana ambazo mjomba hakuwa amezigundua kwa miaka 18: 750. Maana yake, akaeleza, ni kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini yale, 750 ndizo dhahabu tupu na zilizobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Ndiyo karati 18 za pete za harusi. Akaiweka kwenye mizani. Gramu nane.

"Basi dhahabu halisi humu ni gramu sita," akasema sonara. Akatamka kwa upole, lakini alitamka.

Mjomba alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Wewe wapima uzito," alimwambia. "Hii haiuzwi kwa uzito. Hii inauzwa kwa umri."

Na hapo, msomaji, ndipo nilipoingia mimi. Mwezi uleule wa Septemba nilikuwa nimealikwa kwenye mafunzo ya wiki mbili ya uandishi huko Roma. Mjomba aliposikia alinyamaza kwa muda, akatazama juu, akasema Mungu hana haraka lakini hachelewi. Nilikataa kuibeba sarafu yenyewe. Ikiwa ni ya kale kweli, nilimwambia, nitakamatwa uwanja wa ndege. Ikiwa si ya kale, ya nini kuihatarisha? Nikaipiga picha pande zote mbili, pamoja na ukingo na cheti, nikaondoka na ahadi.

Sitakuchosha na habari za mafunzo. Siku ya kwanza ya mapumziko nilipanda ngazi pana za kilima cha Capitolino, na nilipofika juu nikamkuta. Mfalme wa mjomba! Yuko katikati ya uwanja, juu ya farasi wake wa shaba, mkono ameunyosha vilevile. Nilisimama pale nikicheka peke yangu hata watalii wakanitazama. Jina lake ni Marcus Aurelius, aliyeitawala dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, mtu wa falsafa aliyeandika mawazo yake kwa Kigiriki.

Lakini yule wa uwanjani si mwenyewe. Wa asili aliondolewa mwaka 1981 ili atibiwe kutu na moshi wa magari, na sasa amewekwa ndani ya jumba la makumbusho papo hapo kilimani. Wa nje ni nakala iliyosimikwa mwaka 1997. Nililipa kiingilio nikaingia kumwona. Hapo zamani sanamu yote ilipakwa dhahabu, na hadi leo mabaka yake yanang'aa huku na huko usoni na mgongoni mwa farasi. Wenyeji wa Roma wana imani ya zamani kwamba siku dhahabu itakapoifunika sanamu yote tena, kishungi cha manyoya kilicho baina ya masikio ya farasi, ambacho kwa mbali hufanana na bundi, kitaimba, na huo ndio utakuwa mwisho wa dunia.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi sanamu ile ilivyosalimika. Roma ilikuwa na sanamu nyingi za shaba za wafalme juu ya farasi. Karibu zote ziliyeyushwa, kwani shaba ni shaba na watu walihitaji kengele na vyungu. Hii ilipona kwa sababu watu wa zama za kati walidhani mpanda farasi huyo ni Konstantino, mfalme aliyeupokea Ukristo, wakaogopa kumgusa. Walimheshimu kwa jina la mtu mwingine kwa mamia ya miaka. Mwaka 1538 alihamishiwa kilimani alipo.

Katika jumba hilohilo yumo mbwamwitu wa upande wa pili wa sarafu yetu, na watoto wake Romulo na Remo wa hadithi. Watoto wale waliongezwa karne ya 15. Hilo lajulikana tangu zamani. Kuhusu mbwamwitu mwenyewe, kwa muda mrefu ilisemwa ana umri wa miaka 2,500, lakini vipimo vya kisayansi vya miaka ya karibuni vimewafanya wataalamu wengi waamini alitengenezwa zama za kati. Kwa hivyo, hata kabla sijauliza bei, nilikuwa nimegundua kwamba sarafu ya mjomba iliyosifu hazina za Roma ya kale ilikuwa na mnyama ambaye huenda si wa kale hivyo.

Siku nyingine nilikwenda jumba la Palazzo Massimo, karibu na stesheni kuu ya gari la moshi. Chini kabisa, nyuma ya mlango mzito kama wa benki, kuna vyumba vya sarafu. Nyingi ni za Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu, ambaye alizikusanya maisha yake yote, na alipojiuzulu ufalme mwaka 1946 aliliachia taifa mkusanyo wake. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu dhahabu ya Warumi, na moyo ukanidondoka. Haikufanana kabisa na yetu.

Sarafu zao hazikuwa duara kamili. Fundi alikiweka kipande cha dhahabu baina ya mihuri miwili ya chuma, akakipiga kwa nyundo, basi. Ukingo ulipasuka kidogo, sura ya mfalme ikaenda kombo, wakati mwingine nusu ya jina lake ikabaki nje. Na dhahabu yenyewe ilikuwa karibu tupu. Sarafu yao kuu iliitwa aureus. Mfalme Nero mwaka 64 aliamuru ratili moja ya Kirumi itoe sarafu 45, yaani kila moja gramu saba na ushei. Kabla yake zilikuwa nzito zaidi. Wafalme hawaachi kupunguza, hata zama hizo. Baadaye Konstantino akaleta nyingine iliyoitwa solidus, 72 kwa ratili, gramu nne na nusu hivi, na hiyo ilishika uzito wake kwa takribani miaka 700.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, kwani wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watafaidika. Warumi walikuwa na sarafu ya fedha iliyoitwa denarius. Jina hilo liliingia katika Kigiriki, likaingia katika Kiarabu, na mwishoni mwa karne ya saba Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipotoa sarafu yake ya dhahabu, ikaitwa dinari, ingawa kwa uzito iliikaribia solidus. Kutoka Kiarabu likaja kwetu pwani. Kwa hiyo unaposema dinari, watamka neno la Kirumi lililosafiri miaka 2,000 na kubadilika kutoka fedha hadi dhahabu njiani.

Sarafu za ukumbusho nazo si jambo jipya. Mfalme Klaudio alipoivamia Uingereza alitoa ya dhahabu yenye tao la ushindi. Vespasiano alipoishinda Yudea alitoa yenye mateka. Ya ajabu kuliko zote ni ya Bruto, mmoja wa waliomuua Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo. Miaka miwili baadaye alitengeneza sarafu kuadhimisha mauaji hayo: upande mmoja sura yake mwenyewe, upande wa pili majambia mawili na baina yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Hebu fikiria mtu anaua, kisha anawalipa askari wake mshahara kwa picha ya silaha! Za fedha zipo kadhaa. Za dhahabu zinahesabika kwa vidole.

Moja ya hizo za dhahabu iliuzwa mnadani London Oktoba 2020 kwa zaidi ya dola milioni nne. Mjomba angeisikia habari hiyo siku ile, angenipigia simu usiku. Lakini kisa hakikuishia hapo. Ilibainika kuwa historia ya umiliki wake ilikuwa ya kubuniwa, na Machi 2023 wakuu wa New York wakairejesha kwa serikali ya Ugiriki. Kule kwao, kama kwetu, kitu cha kale kilichotoka ardhini ni mali ya taifa. Ndivyo ilivyokuwa mjini Como mwaka 2018, mafundi walipobomoa jumba la zamani la sinema wakakuta mtungi wa jiwe uliojaa sarafu za dhahabu za mwisho wa dola ya Roma, takribani 1,000, zimepangwa kama vile mwenyewe angerudi kesho yake asubuhi. Fundi aliyezikuta hakuzitia mfukoni. Na walau hizo zilibaki Italia. Hazina ya Boscoreale karibu na Pompeii, iliyofukuliwa mwaka 1895 kwenye birika la divai ikiwa na vyombo vya fedha na sarafu za dhahabu zaidi ya 1,000, ilitoroshwa hadi Paris, na vyombo vyake vingi vimo katika jumba la Louvre mpaka leo.

Mtu wa kunijibu swali la mjomba nilimpata siku mbili kabla ya kurudi. Alikuwa mzee mwenye kiduka cha sarafu, chembamba kama korido. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Alitazama ukingo kwanza, si sura, akacheka kidogo.

"Hakuna Mrumi aliyejua 750," akasema kwa Kiingereza cha kukatakata. Kisha akanitaka nitafute mambo mawili kwenye picha: jina la nchi, na thamani. Nilitafuta. Havikuwepo. "Basi hii si sarafu," akasema. "Hii ni medali."

Nakueleza kama alivyonieleza, kwani yamkini nawe utaonyeshwa kitu kama hicho siku moja. Sarafu ya ukumbusho hutolewa na nchi. Ina jina la nchi, mwaka, na thamani iliyoandikwa, hata kama hakuna atakayeitumia dukani. Kenya yenyewe ilitoa za dhahabu mwaka 1966, za Sh100, Sh250 na Sh500, kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta. Na ile ya Sh40 ya mwaka 2003, iliyoadhimisha miaka 40 ya uhuru, huenda unayo nyumbani hadi leo ingawa si ya dhahabu. Medali ni kitu kingine. Kampuni yoyote yaweza kuitengeneza, ikaitia kwenye kisanduku cha mahameli, ikaandika cheti kizuri kuhusu hazina za kale, na kuwauzia wastaafu kwa posta, moja kila mwezi, mpaka seti itimie. Mnunuzi hulipa mara mbili au tatu ya bei ya dhahabu iliyomo. Siku ya kuuza, mahameli hayana bei. Cheti hakina bei. Kinachobaki ni mizani.

"Aliyempa mjomba wako," mzee aliniuliza, "alijua?"

Sikuwa na jibu. Sina hata leo. Pengine bwana yule aliinunua kwa bei kubwa na aliamini kwa dhati kuwa anatoa kitu cha thamani. Pengine alikuwa na seti nzima kabatini akatoa moja. Usiku ule hotelini nilichukua karatasi nikapiga hesabu, na ningependa nisingeipiga. Mwaka 2001 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, iliuzwa karibu dola 270. Gramu sita za mjomba, kwa kiwango cha fedha cha wakati ule, zilikuwa Sh4,000 hivi. Gawanya kwa miaka 17. Mimi niligawanya, nikaikunja karatasi, nikaitupa.

Kwa upande mwingine, Septemba 2019 wakia ilikuwa karibu dola 1,500. Gramu zilezile sita zilikuwa zimefika Sh30,000. Ukaidi wa mjomba wa kutouza paa lilipovuja ulikuwa umeizidisha mali yake mara saba, bila yeye kujua na kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na mfalme wala farasi.

Nilishuka Malindi siku ya Jumamosi. Njia nzima kutoka Mombasa nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta ameketi barazani, kanzu safi, kisanduku kiko juu ya meza ndogo kando ya sahani ya mahamri. Mkewe alikuwa mlangoni. Binamu yangu alijifanya anafua.

Nilimweleza yote. Nilianza na habari njema, kwamba nimemwona mfalme wake ana kwa ana, nikamweleza jina lake na jinsi alivyoponea kuyeyushwa. Alinisikiliza kwa makini sana. Kisha nikamweleza kuhusu ukingo, na 750, na maneno ya yule mzee. Neno "medali" nilibidi nilirudie mara mbili.

Alikaa kimya. Kuku walipita, mwadhini wa mbali akaanza adhana ya alasiri, na bado alikuwa kimya. Hatimaye akauliza, "Kwa hiyo watu wale walimwacha mfalme kwa sababu walidhani ni mtu mwingine?"

"Naam, Mjomba."

"Miaka mingapi?"

"Mamia."

Akatikisa kichwa polepole, kisha mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia hata nilipoona kwamba anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi. Mkewe naye akaanza kucheka pale mlangoni, kicheko cha miaka 18, na binamu yangu akaiacha nguo ndani ya beseni. Baadaye tu, mkewe alipoingia ndani, mjomba aliniambia kwa sauti ya chini: "Yule bwana nilimpikia hata usiku mama yangu alipofariki. Nilimaliza chakula cha jioni ndipo nikaenda kwetu." Hakuongeza neno, wala mimi sikumuuliza.

Jumatatu tulikwenda wawili kwa sonara mjini. Alisugua, akadondosha asidi, akapima, akataja Sh26,000, kwani naye anakula. Mjomba akabishana kama abishanavyo mtu wa pwani, akataja Roma, akataja mfalme, akataja farasi, wakaishia Sh28,000. Zilizobaki za kufika Sh45,000 tulichanga, na binamu yangu akaripoti chuoni kwa wakati. Leo ni muuguzi.

Sonara alipoinua sarafu kutoka kwenye kishimo chake, alitaka kukichukua na kisanduku. Mjomba akakifunika kwa mkono. "Hiki ni changu," akasema.

Tulipofika nyumbani nilikumbuka kitu. Siku ile kilimani Capitolino nilikunywa kahawa, na katika chenji nilirudishiwa senti 50 za yuro. Ni sarafu ya kawaida ya Italia, rangi ya manjano, wanaita dhahabu ya Kaskazini ingawa haina hata chembe ya dhahabu. Nyuma yake yupo yeye, Marcus Aurelius, juu ya farasi uleule, mkono ameunyosha. Nilikuwa nimemwekea mjomba kama zawadi, kisha katika mkanganyiko nikasahau.

Aliigeuzageuza kwenye mwanga. Akanawa mikono. Akafungua kisanduku akajaribu kuitia kwenye kishimo cha mahameli, lakini ilikuwa pana kidogo, haikuingia. Akaisukuma kwa kidole gumba upande mmoja, ukainuka wa pili. Akaiacha hivyohivyo imelala kombo, akafunga kifuniko nusunusu, akaniuliza, "Na kahawa yenyewe ilikuwa nzuri?"